Kongamano lako la kwanza la mashabiki: San Diego, Worldcon, Dragon Con, Gen Con au Comiket?

Mashabiki wazoefu wakiulizwa na mgeni aanzie kongamano gani, karibu kila mmoja hulitaja lile analohudhuria yeye. Nia yao ni njema, lakini jibu hilo halimfai mtu ambaye bado hajijui: hajui kama anaweza kuvumilia foleni, kama anapenda kuongea na watu asiowafahamu, kama atavaa mavazi ya mhusika au atabaki na fulana yake. Orodha ya wageni mashuhuri nayo haimsaidii sana. Mwigizaji aliyemfuata atamwona kwa muda usiofika saa moja, tena kwa mbali, na baada ya hapo bado ana siku tatu za kuzijaza.

Kipimo changu ni kingine. Chukulia ni saa nane mchana, siku ya pili. Uko peke yako, kikao ulichokitaka kimejaa, miguu inawaka moto. Kongamano hilo lina nini cha kukupa saa hiyo? Hapo ndipo makongamano yanapoachana, na hapo ndipo mgeni huamua kimoyomoyo kama atarudi au harudi.

Nimechukua matano makubwa, kila moja la aina yake. Yapo mengine chungu nzima, lakini mengi yanafuata mkondo wa mojawapo ya haya.

Matano yenyewe

Comic-Con ya San Diego ilianza mwaka 1970 kama mkusanyiko wa wapenzi wa komiki, watu wapatao mia tatu. Leo hupokea zaidi ya watu 130,000 kila Julai, na studio za filamu na televisheni zimechukua nafasi kubwa mno, ingawa mwenye kongamano bado ni shirika lisilotafuta faida.

Worldcon ndilo kongwe kuliko yote manne yanayobaki. La kwanza lilifanyika New York mwaka 1939, likasimama wakati wa vita kuanzia 1942 hadi 1945, kisha likaendelea. Halina mji wake. Wanachama hupiga kura kuamua litafanyika wapi: Chengdu mwaka 2023, Glasgow 2024, Seattle 2025. Kiini chake ni vitabu, yaani bunilizi za kisayansi na fantasia, na kwa kawaida wanaohudhuria ni elfu kadhaa tu.

Dragon Con imekuwa Atlanta tangu 1987, na siku hizi hufanyika katika wikendi inayokwisha Jumatatu ya kwanza ya Septemba, ambayo Marekani ni sikukuu ya wafanyakazi. Gen Con ilianzishwa mwaka 1968 katika mji mdogo wa Lake Geneva, Wisconsin, na Gary Gygax, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa wabunifu wa mchezo wa Dungeons & Dragons. Tangu 2003 iko Indianapolis, na shughuli yake ni moja: kucheza michezo ya mezani.

Comiket ilifanyika mara ya kwanza Tokyo tarehe 21 Desemba 1975, ikiwa na vikundi 32 vya wachapishaji na wageni mia saba hivi. Sasa hufanyika mara mbili kwa mwaka, Agosti na mwishoni mwa Desemba, katika majumba ya Tokyo Big Sight. Kabla ya korona, hesabu ya siku tatu ilikuwa ikipita watu nusu milioni. Watu huenda kuuza na kununua doujinshi, vijitabu vinavyochorwa, kuandikwa na kuchapishwa na mashabiki wenyewe.

Mlangoni

San Diego huwezi kuiamulia dakika za mwisho. Kwanza unafungua akaunti ya uanachama, kisha unasubiri siku ya mauzo, ambapo watu huingizwa kwenye chumba cha kusubiria mtandaoni na mfumo huchagua kwa bahati nasibu nani anunue. Kuwahi hakukupi nafasi ya mbele. Waliohudhuria mwaka uliotangulia hupewa mauzo yao kwanza, kwa hiyo mgeni anagombea kilichobaki. Beji, ambazo ndizo tiketi za kuingilia, huuzwa kwa siku, na zina jina lako, kwa hiyo mtu anayekuuzia yake mtaani anakuuzia matatizo. Wengi hupata siku moja au mbili tu, kwa kawaida zile zisizogombaniwa sana. Ukipata Alhamisi na Jumapili usijione umepoteza. Jumamosi ndiyo siku ya msongamano mkubwa, na mgeni hakosi lolote la maana kwa kuikosa.

Worldcon ni kinyume. Unanunua uanachama wakati wowote, bei inapanda kadiri siku zinavyosogea, na katika miaka ya karibuni kamati kadhaa zimeweka bei nafuu kwa wanaokuja mara ya kwanza. Neno uanachama si pambo: linakupa kura, na hilo nitalirudia.

Dragon Con, tabu hasa ni kitanda kuliko beji. Kongamano limetandazwa katika hoteli tano za katikati ya mji: Hyatt Regency, Marriott Marquis, Hilton, Courtland Grand (iliyokuwa Sheraton) na Westin. Vyumba vya hoteli hizo huondoka haraka sana, mara nyingi karibu mwaka mzima kabla. Unaweza kulala mbali na kuja kwa treni, lakini utakuwa umekosa sehemu ya raha yake, kwa sababu ambazo zitaonekana tukifika kwenye mavazi.

Gen Con ina milango miwili. Beji inakuingiza ndani, lakini michezo mingi ina tiketi yake, na tiketi hizo hufunguliwa miezi kadhaa kabla. Unapanga orodha ya unavyovitaka, na siku ya kufunguliwa mfumo unapitia orodha za watu wote. Vilivyo maarufu huisha papo hapo. Mgeni akiona orodha yake imerudi nusu tupu hukata tamaa, na hana sababu, nitaeleza.

Comiket ilikuwa bure kuingia kwa miongo mingi. Mwaka 2019 ulikuja utaratibu wa kuvaa utepe mkononi, na tangu irejee baada ya korona tiketi za kuwahi kuingia hugawiwa kabla kwa bahati nasibu. Zipo pia za kuingia mchana, na kwa mgeni hizo ndizo ningezitafuta.

Foleni

Hapa San Diego inastahili aya zake yenyewe, kwa sababu ndipo wageni wengi wanapoiharibu.

Ukumbi mkubwa, Hall H, una viti takribani 6,500. Ukilinganisha na watu 130,000 unaona hesabu haiendi. Kuna tepe za mkononi zinazogawiwa usiku wa kuamkia kikao ili watu wapate kwenda kulala, lakini wapo wanaolala hapohapo nje. Zaidi ya hayo, watu hawatolewi ukumbini kikao kimoja kikiisha. Anayetaka kikao cha saa kumi jioni anaingia asubuhi na kukaa mfululizo, akisikiliza mambo asiyoyajali, na kiti chake hakitoki. Matokeo yake, foleni ya nje haisogei hata kama kikao kimebadilika. Mgeni asiyejua hili huja nusu saa kabla, anaona foleni imezunguka jengo, anasimama kwa matumaini, na siku yake inaishia hapo.

Ukiamua mapema kwamba Hall H si yako, San Diego hugeuka kongamano jingine kabisa. Vyumba vya juu vina vikao kuhusu historia ya komiki, uchoraji, uhariri, tafsiri na maisha ya kazi ya wachoraji, na vingi unaingia ukitembea tu. Tuzo za Eisner, ambazo ni kubwa katika ulimwengu wa komiki, hutolewa hapohapo usiku, wakati umati uko mjini unakimbizana na maonyesho ya studio. Ndani ya ukumbi wa maonyesho kuna meza za wasanii, na ukifika hapo saa ya kwanza ya asubuhi utaongea na mchoraji bila mtu kukusukuma mgongoni. Hata nje ya jengo, katika mtaa wa Gaslamp, kampuni huweka maonyesho yao, mengine yakiwa wazi kwa asiye na beji.

Kwa hiyo saa nane mchana San Diego inakupa kingi, mradi umekwisha kubali kutokuwa mahali ambapo kila mtu anataka kuwa. Si jambo dogo kwa mtu aliyesafiri mbali kwa ajili ya vionjo vya filamu. Ila vionjo vyenyewe huwa mtandaoni kabla hajafika hotelini.

Comiket ina foleni kubwa zaidi, lakini ya tabia nyingine. Inapangwa kwa safu, inasogea kwa amri ya watu waliojitolea, na kukesha nje kumekatazwa. Agosti jua la Tokyo ni kali na hewa ina unyevu mzito, na waandaaji huwasihi watu waje na maji na kitu cha kujifunika kichwa. Kuanzia mchana foleni hupungua au huisha. Tatizo ni kwamba saa nane mchana vikundi maarufu vimekwisha kuuza kila kitu, na baadhi ya watu wameanza kufunga meza. Mwenye orodha ya vitabu mahususi lazima aje asubuhi na ateseke. Mgeni anayetaka kutembea, kuangalia na kuokota kitu asichokitarajia, mchana ndio wake. Meza za maelfu ya vikundi visivyojulikana bado zina vitabu, na mwandishi amekaa nyuma yake akitamani mtu asimame.

Worldcon haina foleni za kuzungumzia, isipokuwa ya kusainiwa vitabu na mwandishi mashuhuri. Gen Con ina moja: ufunguzi wa ukumbi wa maonyesho Alhamisi asubuhi, ambapo watu hukimbilia michezo mipya kabla haijaisha. Iruke, nenda baada ya chakula cha mchana.

Kwa asiyeweza kusimama muda mrefu, iwe kwa ulemavu au maradhi, San Diego na Dragon Con zina idara maalumu za kuwahudumia. Zitafute siku unayochukua beji, usingoje mpaka umeshaumia.

Kuongea na watu

Hili ndilo linalompa mgeni wasiwasi kuliko yote, na majibu ya makongamano haya yanatofautiana sana.

San Diego unaweza kukaa siku nne bila kuulizwa jina. Wenzako wa karibu ni wale mlio nao foleni, na urafiki wa foleni ni wa kweli, ila unaisha mlangoni.

Worldcon ni ndogo, na inaendeshwa na watu wanaojitolea kuanzia mwenyekiti hadi anayebandika vibao. Hata waandishi wanaokaa kwenye majopo, isipokuwa wageni wa heshima, kwa desturi hununua uanachama kama wewe. Kwa hiyo mwandishi uliyemsoma tangu utotoni utamkuta nyuma yako akisubiri chai, na hakuna atakayekufukuza ukimsalimia. Kuna vikao vya meza moja, ambapo watu kumi hivi hujiandikisha kukaa na mwandishi au mhariri kwa saa nzima. Wageni wengi hawavijui vikao hivi kwa sababu havitangazwi kwa kelele, navyo kwangu ndivyo bora kuliko chochote kinachofanyika jukwaani popote. Sharti ni moja: nafasi zake hujazwa kwa kujiandikisha, mara nyingi mtandaoni, na huisha haraka. Jiandikishe mara tu zinapofunguliwa.

Ila ukaribu huo una upande wa pili. Wengi wa waliopo wamekuwa wakikutana kila mwaka kwa miongo kadhaa. Kuingia Worldcon mara ya kwanza ni kama kuhudhuria harusi ya ukoo usioujua: kila mtu anakukaribisha sahani, na kila mtu anaongea mambo ya mwaka ambao hukuwepo. Wanasema utani usioelezwa, wanavaa riboni za rangi chini ya beji ambazo maana yake wanaijua wenyewe, na jioni wanatoweka kwenda kwenye karamu za hotelini. Nyingi kati ya karamu hizo ziko wazi kwa wote, hasa zile za miji inayoomba kura ya kuandaa Worldcon zijazo, lakini hakuna anayekumbuka kumwambia mgeni.

Dawa ninayoijua ni kazi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na Worldcon hata siku ya kwanza watakupa. Nenda kwenye meza ya wanaojitolea, sema una saa mbili, utawekwa mlangoni mwa chumba au kwenye meza ya maelezo. Ukishakuwa mtu anayeulizwa choo kiko wapi, umeacha kuwa mgeni. Saa nane mchana ya upweke imekwisha.

Kisha kuna kura. Tuzo za Hugo, za bunilizi za kisayansi na fantasia, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 1953, huteuliwa na kupigiwa kura na wanachama, pamoja na wale walionunua uanachama wa kupiga kura bila kusafiri. Miezi kabla ya kongamano wanachama hupokea nakala za kidijitali za kazi nyingi zilizoteuliwa, nyingine nzima, nyingine sehemu tu. Mtu akiisoma hata robo yake, anafika akiwa na jambo la kubishana na mtu yeyote atakayekaa naye. Sijui maandalizi bora kuliko hayo. Na kama safari haiwezekani mwaka huo, Glasgow na Seattle zote ziliuza pia nafasi ya kufuatilia vikao mtandaoni.

Jambo moja uliweke akilini: kila Worldcon huandaliwa na kamati yake, kwa hiyo sifa ya mwaka mmoja haikuhakikishii mwaka mwingine. Mwaka 2023 tuzo za Hugo ziliingia doa baada ya kazi kadhaa kuondolewa kwenye kura bila maelezo ya kuridhisha, na kamati iliyofuata ililazimika kufanya kazi yake waziwazi zaidi. Kabla ya kununua, soma matangazo ya kamati ya mwaka huo, usisome kumbukumbu za miaka iliyopita.

Gen Con imetatua suala la kuongea bila kulizungumzia. Unakaa mezani na watu watano usiowajua, na kwa saa nne mna kazi ya pamoja: kuokoa kijiji, kujenga reli, kuibiana dhahabu. Huhitaji kutafuta la kusema, mchezo unakupa. Na katika orodha ya michezo kila kikao kimeandikwa kiwango cha uzoefu kinachotakiwa. Vipo vingi vilivyoandikwa kwamba hutakiwi kuwa umewahi kucheza, utafundishwa kanuni hapohapo. Watu wenye haya hudhani kongamano la watu 70,000 litawameza. Gen Con linakugawia watu watano watano.

Nilisema orodha ya tiketi ikirudi nusu tupu usikate tamaa. Sababu ni kwamba watu wengi hununua tiketi kisha hawatokei. Huuzwa tiketi za jumla zisizo na jina la mchezo, na ukiwa nazo unakwenda kwenye meza iliyo na kiti kitupu wakati wa kuanza, unaomba kukaa. Mara nyingi utakaribishwa kwa shukrani, kwa sababu mchezo wa watu wanne hauendi ukiwa na watatu. Juu ya hayo, katika ukumbi wa maonyesho wachapishaji wana meza za kuonyesha michezo yao, na hapo hulipi kitu.

Comiket ni jambo la pekee. Waandaaji wanashikilia kwamba hakuna wateja pale: anayeuza, anayenunua na anayejitolea wote ni washiriki. Asubuhi tangazo la ufunguzi likisomwa, jumba zima hupiga makofi. Lakini mazungumzo mezani ni mafupi, ni ya Kijapani, na nyuma yako kuna watu. Utaratibu ni kuomba ruhusa ya kufungua kijitabu, kukiangalia, kulipa au kukirudisha kwa adabu, na kuondoka. Maelekezo ya msingi kwa wageni yapo kwa Kiingereza, na sentensi tatu za Kijapani zitakufikisha mbali. Urafiki hauji mchana ule ule. Anayerudi kwenye meza ile ile miezi sita baadaye ndiye anayekumbukwa.

Mavazi

Kama lengo lako ni kosplei, yaani kuvaa mavazi ya mhusika, usipoteze muda: nenda Dragon Con. Si kwa sababu ya mashindano. Ni kwa sababu mavazi ndiyo maisha ya pale, kuanzia asubuhi hadi alfajiri. Jumamosi asubuhi kuna gwaride katikati ya mji, na wakazi wasiohusika kabisa hujipanga barabarani kutazama. Jioni watu hukusanyika katika ukumbi wa ndani wa Marriott Marquis, jengo lenye uwazi unaopanda ghorofa kwa ghorofa, ambapo unaweza kuegemea kizuizi cha juu na kuona mamia ya mavazi kwa mtazamo mmoja. Ndiyo maana nilisema kitanda cha karibu kina thamani. Mwenye mabawa ya mita mbili anahitaji mahali pa kuyavulia.

Na saa nane mchana? Dragon Con imegawanywa katika mikondo kadhaa ya programu, kila mmoja na mada yake, chumba chake na watu wake wanaojitolea. Kuna mkondo wa sayansi, wa utengenezaji wa mavazi, wa fasihi, wa vikaragosi, na kadhalika. Mgeni akichagua mkondo mmoja na kurudi chumba kile kile siku mbili mfululizo, anaanza kutambuliwa. Anayezunguka mikondo yote haonekani na mtu. Usiku nao ni sehemu ya programu, na pombe ipo, kwa hiyo mwenye watoto apange mchana tu. Mashabiki wana kanuni yao kwa makongamano ya namna hii: kila siku usingizi usiopungua saa tano, milo miwili, kuoga mara moja. Inachekesha mpaka Jumapili.

Comiket ina kosplei nyingi na nzuri, lakini masharti yake humshangaza aliyezoea Marekani. Huruhusiwi kufika ukiwa umeshavaa, wala kuondoka ukiwa umevaa. Unabadilisha ndani, katika vyumba vilivyotengwa, kwa ada, na picha hupigwa katika maeneo maalumu kwa ruhusa ya anayepigwa. Ruhusa hiyo inadaiwa kote siku hizi. New York Comic Con iliweka vibao mwaka 2014 vya kukumbusha watu kwamba kuvaa mavazi si kukubali kushikwa, na wengine wakafuata.

San Diego hukagua silaha za bandia. Worldcon ina onyesho la mavazi la usiku mmoja lenye historia ndefu, lakini mchana wengi wako na nguo za kawaida, na Gen Con vivyo hivyo. Ukivaa hakuna atakayekushangaa, usipovaa hutaulizwa.

Fedha, kwa ufupi

Kuna kundi la sita ambalo sikulipa nafasi yake: maonyesho ya kibiashara, kama New York Comic Con, MCM ya London pale ExCeL, au Comic Con Africa ya Johannesburg iliyoanza mwaka 2018. Hayo ni rahisi kuingia kuliko San Diego na yanafaa kwa siku moja ya kuonja. Lakini saini na picha na waigizaji huuzwa, kila moja kwa bei yake, na tiketi ya mlangoni ni mwanzo tu wa gharama. Dragon Con nayo ina ukumbi wa saini za kulipia. Worldcon mwandishi husaini bure; desturi ni kuleta vitabu vichache, si begi zima.

Gen Con jumlisha tiketi za michezo, ambazo moja moja si ghali ila huongezeka. Comiket beba fedha taslimu, noti za yeni 1,000 na sarafu za yeni 100 na 500. Kumpa mtu noti ya yeni 10,000 asubuhi kwa kijitabu cha mia chache ni kumsimamishia biashara.

Uchaguzi wangu

Mwenye haya, au asiye na mwenzake, ningempeleka Gen Con, hata kama michezo ya mezani haijui. Msomaji wa vitabu aende Worldcon, lakini aanze na uanachama wa kura mwaka mmoja kabla. Mshonaji na mtengenezaji wa mavazi, Dragon Con, akiwa na rafiki wa kushika begi. Mchoraji au mwandishi anayetaka kujichapishia, Comiket, mchana, kabla hajafikiria kuomba meza. San Diego ningeiacha iwe ya pili au ya tatu. Ni nzuri, lakini inampendeza aliyekwisha kujua anachokitaka na anachoweza kukiacha.

Ukiwa na moyo wa San Diego na si penginepo, basi fungua ile akaunti sasa, hata kama hujui mwaka gani utaenda, kwa sababu kujiandikisha hufungwa kabla ya siku ya mauzo na asiye na akaunti hapewi nafasi ya kuingia kwenye chumba cha kusubiria. Kwa Dragon Con, tafuta hoteli kwanza na beji baadaye. Gen Con, nunua beji kabla mauzo ya tiketi za michezo hayajafunguliwa, maana bila beji hutanunua tiketi hizo. Worldcon, angalia kamati imepanga kupandisha bei lini, ununue kabla ya tarehe hiyo. Kwa Comiket, fuatilia tangazo la bahati nasibu ya tiketi, na kama safari ni ya kwanza chagua Desemba: ni baridi, ila koti hulibebi kwa shida kama unavyolibeba jua la Agosti.